Mvua Iliyonyesha Ndani ya Kopo

Watu wa Mwanza walimwogopa mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuinama. Hakuwa na bunduki, wala kiboko, wala tarbushi ya askari. Kila siku saa tatu asubuhi alipanda kilima nyuma ya boma, akafungua kufuli la uwanja mdogo wenye ua wa waya, akaingia, akajifungia, akainama juu ya kopo la shaba lililosimama katikati ya majani. Akiinuka, aliandika kitu kwenye daftari. Basi, kazi imekwisha mpaka kesho. Lakini kina mama waliotoka ziwani na mitungi kichwani wakifika pale walivuka njia wakapita upande wa pili, na wapagazi wa gatini, watu wasioogopa hata mamba, wakimwona walishusha sauti.

Sisi tulimwita Bwana Mvua. Jina lake silijui mpaka leo. La baba yake ndiyo kabisa. Niliwahi kumwuliza kwao ni wapi, akanionyesha kwa kidevu upande wa ziwa, na upande wa ziwa, mwenzangu, pana Ukerewe na Bukoba na Uganda na samaki wote. Kwa hiyo mambo ya ukoo msinidai. Nitasema niliyoyaona kwa miaka mitatu, na moja nililolifanya.

Kopo lenyewe lilikuwa na mdomo mpana kama sahani, koo jembamba, na chupa ndani ya tumbo. Mvua iliingia mdomoni, ikashuka kooni, ikakaa chupani ikingoja asubuhi. Asubuhi Bwana Mvua aliimimina katika bilauri nyembamba yenye mistari. Inchi moja ya Wazungu ilikuwa imekatwa vipande mia, na kila kipande yeye alikiita pointi. Mwisho wa mwezi aliandika pointi zote kwenye karatasi kubwa, akaipeleka posta, nayo ikaenda zake kwa wakubwa. Hawakumjibu. Katika miaka yote ile aliletewa barua moja tu, ya kumwuliza kwa nini wino wake umegeuka kuwa wa zambarau. Barua hiyo aliitunza ndani ya mkebe wa biskuti, imekunjwa vizuri, kama hati ya shamba.

Sasa msiwacheke waliomwogopa. Kwetu Magu mvua ina wenyewe. Kila mtemi ana mtu wake wa mvua, mwenye vyungu vyake, na mvua ikikawia watu wanajua ni mlango gani wa kubisha. Serikali ikaja, ikamweka mtu juu ya kilima, ikampa kopo, ikampa ua, ikampa na kufuli. Ungefikiri nini?

Mwaka ule jua lilipokausha mtama ukiwa wa magotini, walikuja wazee wanne kutoka upande wetu wa Magu, kwa miguu, na kondoo mweusi. Mimi nilikuwa ndani ya uwanja nimeshika fyekeo, na nitaeleza baadaye nilifikaje humo. Wakaketi nje ya waya, wakasalimia kwa adabu. Halafu mkubwa wao akauliza ufunguo anao nani. Bwana Mvua akasema anao yeye. Basi, mzee akasema, afungue, watu wanaumia. Bwana Mvua hakuwafukuza. Alifungua mlango, akawaingiza mmoja mmoja, akaitoa chupa, akaipindua juu chini mbele ya macho yao. Haikutoka hata jasho.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Hamna kitu."

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa akaligusa kufuli kwa ncha ya fimbo yake.

"Kama hamna kitu, baba," akasema, "mnafungia nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Bwana Mvua hakucheka. Aliirudisha chupa ndani ya kopo. Wazee wakamwachia kondoo, wakaaga, wakaondoka. Siku ya nane ikanyesha, na huo ukawa mwisho wa ubishi wowote katika nchi nzima. Kondoo akabaki uwanjani akila majani, na kazi yangu ya fyekeo ikapungua. Nilimshukuru sana mnyama yule.

Lakini ona tulivyomfanyia mtu. Akiingia mkahawa ulio karibu na stesheni, ule wa mjane wa Kiswahili mwenye mandazi makubwa, wanaume waliokuwa wakibishana juu ya treni walinyamaza, mmoja akakumbuka ana mgonjwa, wa pili akakumbuka ana mbuzi, na kabla chai yake haijapoa benchi lote lilikuwa lake. Harusini hakualikwa, ila watu walipita kwake siku moja kabla, kumwomba aizuie mvua. Mvua kubwa ikibomoa kuta Igogo, walimtazama yeye. Mhindi mwenye duka la nguo na karatasi, aliyeanika marobota ya pamba uani kwake, ndiye aliyekuwa akimsemesha kila siku, tena neno lile lile.

"Bwana Mvua, leo vipi?"

"Ya leo nitakuambia kesho," anajibu, na hapo hakuwa akitania. Kutabiri alikuchukia. Alisema yeye ni mtu wa mvua iliyokwisha kunyesha, ya mbele haimhusu. Mhindi alicheka kwa wasiwasi, akampunguzia bei ya wino, akaenda kufunika marobota yake, jua kali likiwaka.

Bwana Mvua alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mpima mvua mzima, mwavuli hana, na kulowa hataki. Mara nyingi nilimwona amejibanza chini ya jiwe kubwa njiani, amekumbatia daftari, akiingojea ipite ili akaipime. Aliishi hatua chache kutoka ziwani na samaki hali, si sato, si furu, hata dagaa. Zamani, kabla ya kopo, alikuwa mnyapara wa barabara, mtu wa kupigia watu kelele kutwa nzima, na huwezi kuamini, maana sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayesali. Alisema aliipenda kazi ya mvua kwa sababu ndiyo pekee aliyopewa isiyo na mtu wa kumpigia kelele.

Na nyumba. Walimpa nyumba ya nyasi ya vyumba viwili, yenye ubaridi mzuri na kivuli. Akaikataa. Akachukua chumba kimoja cha bati, chini ya kilima, chenye joto la tanuru. Nilimwuliza kama kichwa chake kizima. Akasema nyasi zinameza mvua, bati linasema. Mvua ikianza tu, hata manyunyu, yeye aliinuka, akaandika saa iliyoanza. Ikikatika, akaandika saa iliyokatika. Hakuna aliyemwagiza. Wakubwa walitaka pointi tu.

"Tangu niishike kazi hii," aliniambia, "haijanipita hata moja."

Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akijisifia.

Mimi nilipelekwa kwake kama adhabu. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa ameniuliza nitaje mazao ya Mkoa wa Ziwa, nikataja pamba, mpunga, na walimu. Fimbo zilikuwa zimenizoea, kwa hiyo akabuni jipya: kila asubuhi, wakati wenzangu wako kwenye bustani ya shule, mimi nikafyeke uwanja wa Bwana Mvua kwa mwezi mzima. Darasa lilinihurumia. Lilidhani nitarudi nimegeuzwa chura.

Siku ya kwanza nilimwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha majani. Siku ya pili nikamtolea mzaha wangu bora kabisa, ule wa paroko na mamba. Akausikiliza mpaka mwisho, akangoja kidogo, akauliza, "Halafu?" Siku ya tano ilikuwa imenyesha. Akaniita nije nisome. Nikaitazama bilauri nikiwa nimesimama, nikasema sitini. Akaniambia niiname. Nikainama kidogo. Akasema bado, maji hayatanipandia. Nikapiga magoti kwenye matope mpaka jicho langu likawa sawasawa na maji, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani mwangu, kwamba maji ndani ya bilauri hayalali sawa. Yanapanda pembeni na kubonyea katikati, kama kitanda cha kamba alichokilalia mtu mzito. Unasoma pale chini yalipobonyea.

"Hamsini na saba," nikasema.

"Hamsini na saba," akasema, akaandika.

Siku ile mji mzima ulisema mvua ilikuwa kubwa mno. Mjane wa mkahawa alisema haijapata kuonekana. Baba mdogo, ninayekaa kwake Igogo, alisema ilipita ile ya mwaka wa nzige. Na mimi nikala ugali wangu kimya, nikijua ilikuwa kiasi gani. Mwanza nzima tulikuwa wawili tu tuliojua. Sikumwambia mtu. Mwezi wa adhabu ukaisha nikaendelea kwenda, nikimdanganya mwalimu kwamba bado sijamaliza majani. Kondoo akashirikiana nami kwa kunyamaza.

Sasa nije kwenye karatasi. Mwalimu wetu ana desturi yake. Kila mwaka anatugawia kila mmoja nusu karatasi, tuandike jina, na chini yake kazi tunayoitaka tukimaliza shule. Jumatatu anazisoma mbele ya darasa, moja moja, kwa sauti. Sisi wa darasa la sita zetu zinakwenda pia kwa wakubwa wa elimu, na kutoka hapo mtu anaweza kuchukuliwa kweli.

Watu wanadhani kazi huchaguliwa kwa akili. Mimi nimekaa katikati ya vijana ishirini na sita wakichagua, nimeona. Mmoja anataka udresa wa hospitali, wa kufunga vidonda, kwa sababu ya koti jeupe. Mmoja anataka treni kwa ajili ya ile filimbi tu, angepewa filimbi peke yake angeridhika. Mtoto wa katekista anataka chochote kisicho ukatekista. Baba yangu aliichagua ya kwangu siku moja kwenye soko la pamba Magu, alipokuwa amesimama juani tangu asubuhi na mzigo wake, akaona kwamba katika umati wote ule mtu mmoja tu ndiye aliyekaa kivulini, naye alikuwa karani. Akarudi nyumbani akamwambia mama mtoto huyu atakaa kivulini. Sikuulizwa. Na rafiki yangu Hamisi, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, anataka udereva wa lori, kwa sababu dereva akipiga honi watu wazima wanakimbia.

Mimi mwaka juzi niliandika nataka kuwa treni. Si dereva, treni yenyewe. Mwaka jana nikaandika mjane tajiri. Wakicheka darasa zima na mwalimu akishindwa kuzuia mdomo wake, najisikia mtu. Ndiyo kazi yangu mle ndani. Kila mmoja ana yake: huyu wa hesabu, huyu wa mpira, mimi wa kuchekesha.

Hamisi ndiye aliyeanza kunishuku. Mtu hafyeki uwanja mdogo mpaka mwaka wa tatu. Akaniita mkwe wa Bwana Mvua, akauliza kama kondoo ni mahari au ni bibi harusi mwenyewe. Darasa likaipenda. Ikawa nikiingia, wote wanagonga madawati kwa vidole, taratibu, halafu haraka, halafu kwa nguvu, mvua kwenye bati, vijana ishirini na watano, nyuso kavu. Nilicheka pamoja nao. Mtu wa kuchekesha akichekwa lazima acheke, asipocheka amekwisha. Siku ya nne nikasema yule mzee hajui lolote, mimi naweza kumletea mvua jioni hii hii. Nikasema hivyo, na madawati yakanyamaza.

Tukachota maji safi ya mtungi wa shule kwa kikombe cha bati. Jioni, Bwana Mvua alipokwenda ziwani kuoga, Hamisi akasimama njiani kulinda, mimi nikaruka waya. Jua bado lilikuwa juu ya maji. Mwezi wa saba, mbingu nyeupe kwa ukavu. Nikamimina kidogo tu. Kopo lilitoa sauti ya mtu anayemeza.

Asubuhi nikaenda kama kawaida yangu, ili niione sura yake nikawasimulie. Akaitoa chupa, mkono ukasita kwa uzito. Akamimina. Akainama. Akakaa vile kwa muda mrefu, halafu akatazama mbingu, majani, kondoo.

"Pointi ishirini na mbili," akasema, kwa sauti ya kuuliza.

Nikasema labda ni manyunyu ya alfajiri.

"Wewe ulisikia?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nilisikia, Mzee," nikasema. "Kidogo."

Akaandika ishirini na mbili. Pale penye saa ya kuanza na saa ya kukatika akaacha peupe. Siku ile nzima alipita akiuliza. Akamwuliza mlinzi wa boma kama ilinyesha. Mlinzi akasema ndiyo, Bwana, ilinyesha. Akamwuliza mjane wa mkahawa. Akasema ilinyesha, tena vizuri. Mhindi akasema ndiyo ndiyo, ndogo, nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeona tone. Lakini katika mji huu nani angembishia Bwana Mvua juu ya mvua? Angewauliza kama ilinyesha mawe wangesema yaliwaangukia. Na wale waliopenda kubisha walishamkimbia zamani, hawakuwa kwenye benchi. Kwa hiyo mji mzima ukamwambia ilinyesha, na yeye peke yake ndiye hakuisikia.

Darasa lilipiga makofi. Wakataka tena. Nikarudia baada ya wiki mbili, pointi kumi na tisa. Safari hii hakuuliza watu. Aliniuliza mimi tu, nami nikasema nilisikia.

Akaanza kujipima. Akinikuta langoni ananiambia nisimame nyuma yake niseme neno kwa sauti ndogo, halafu ndogo zaidi, na yeye alirudie. Nilisema kopo, akasema kopo. Nilisema kondoo, akasema kondoo. Alikuwa akisikia kuliko mimi. Akasema basi huenda ni usingizi, siku hizi analala kama gogo. Akapunguza kula jioni. Macho yakawa mekundu. Mara nyingine alisinzia akiwa ameinama, bilauri mkononi.

Ya tatu sikutaka. Nasema kweli. Lakini Hamisi alikuwa amekwisha waahidi darasa la tano waje watazame toka mawe ya juu, na nikiwa nimesimama mbele ya watu arobaini wanaoningoja mimi, miguu yangu haijui kurudi nyuma.

Asubuhi yake Bwana Mvua alikuwa amefika kabla yangu, amekaa chini kwenye majani, daftari limefungwa.

"Jana sikulala," akaniambia. "Nilikaa kitini mpaka kumekucha, mlango wazi. Sikusikia kitu." Akanitazama. "Na maji yamo."

Pale ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikafungua kinywa na kilichotoka ni mzaha, kwamba labda siku hizi mvua zimefundishwa adabu, zinavua viatu. Akanisikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea. Hakuuliza halafu.

Mwezi uliofuata akaenda bomani mwenyewe, akawaambia wamtafute mtu mwingine. Hakufukuzwa, hakulaumiwa, karatasi zake zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyeziuliza neno. Aliwaambia mvua zinampita. Karani aliyesikia alisimulia mjini kwa kicheko. Akakabidhi ufunguo, akamwachia mlinzi kondoo, akaondoka asubuhi na mkebe wake wa biskuti kwapani, mimi nikiwa darasani nachora ramani ya mto.

Kazi akapewa kijana mmoja mwenye baiskeli. Husoma saa tatu, au saa tano, au kesho yake. Nilipita nikamwona akiisoma bilauri wima, mkono mmoja mfukoni.

Mwezi uliopita, shule ilipofunga wiki moja, baba mdogo alinichukua twende Busisi kwenye matanga. Tukafika Kigongo, pale pa kuvukia, tukaambiwa mashua iko ng'ambo, tungoje. Baba mdogo akalala kwenye kivuli. Nikatembea ufukoni. Penye nyumba ya mwisho, ya nyasi, Bwana Mvua alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo.

Nikamwamkia. Akaitika. Akanisogezea kisu cha pili bila neno, nikakaa, nikamenya. Akauliza habari ya majani ya uwanja. Nikasema marefu. Akauliza kama yule kijana anainama. Nikasema hainami. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea na muhogo wake. Mbele yetu mlango wa ziwa ulikuwa umetulia, na upande wa pili tuliiona mashua ikipakia watu, wadogo kama siafu. Nilijua ikifika nitakuwa nimenyamaza tena.

"Mzee," nikasema, "zile mvua tatu ni mimi."

"Mvua zipi?"

"Za kopo. Nilimwaga maji. Ya mtungi wa shule."

Kisu chake kikasimama. "Zote tatu?"

"Zote."

"Hata ile niliyokesha?"

"Ile niliimwaga jioni, ulipokwenda kuoga. Na nilivyosema nilisikia, sikusikia. Hapakuwa na kitu cha kusikia."

Nilikuwa nimekwisha andaa shavu. Niliona afadhali kofi, tena la kushoto, maana la kulia jino lilikuwa likiniuma. Hakuinua mkono. Alitazama maji, midomo ikitembea kama mtu anayehesabu.

"Kwa hiyo nilikuwa nasikia," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na daftari. Si lile la serikali, hilo alilikabidhi. Lilikuwa nakala yake mwenyewe, aliyoiandika miaka yote pembeni, kwa wino wa zambarau. Akafungua mwezi wa saba. Akaweka rula juu ya ishirini na mbili, akapiga mstari mmoja mwembamba, akaandika sifuri. Akaenda kwenye kumi na tisa, sifuri. Akaenda kwenye ile ya tatu. Nikamwuliza kama tuwaandikie wakubwa nao wasahihishe.

"Wamekwisha zijumlisha," akasema. "Kwao ilinyesha."

Nikamwuliza kama atarudi kazini, maana sasa amejua. Akasema kazi ina mwenyewe, ana baiskeli. Halafu kalamu yake ikafika kwenye ile safu ya mwisho, ya maelezo, ambayo katika daftari zima nilikuwa sijaiona ina maandishi. Akaichovya upya.

"Jina lako nani?"

Miaka mitatu nilikuwa kijana tu. Nikamtajia, na la baba yangu. Akaniomba nitaje herufi moja moja, asije akakosea. Akaandika mara tatu, mbele ya kila sifuri, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia mvua.

Nikamwambia basi kwamba darasani tutapewa zile karatasi, na kwamba nataka kuandika kazi yake. Akaniuliza kama ni kwa kumwonea huruma. Nikasema si huruma. Akauliza ni nini basi, nami nikatafuta mzaha, sikuuona. Nikamweleza tu juu ya ile siku ya hamsini na saba, mji mzima ulivyokuwa ukisema kubwa, kubwa, na mimi nimekaa na ugali wangu nikijua.

Alifunga daftari. Baba mdogo alikuwa akiniita, mashua imefika.

"Andika karani," akaniambia. "Karani akikosea, yupo mwenzake pembeni wa kumwambia."

Nikaaga. Sikumsikia akiitika, ila nilipogeuka nikiwa ndani ya mashua alikuwa bado amesimama, mkono juu ya macho, akitutazama tunavyokwenda. Baba mdogo aliuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mtu wa serikali.

Jana tumegawiwa karatasi. Yangu iko hapa mezani, wino umekwisha kauka. Nimeandika jina langu, na chini yake nimeandika mpima mvua, wala sikuongeza kitu. Jumatatu mwalimu atazisoma kwa sauti, na akifika kwenye yangu watacheka wote, na Hamisi ataanza kugonga dawati. Siwezi kuwalaumu. Ni mimi niliyewazoesha.